Jihadhari na siku ya nafuu

Jumamosi moja niliamka vidole vikikunjika bila kuniuma. Kwa mtu mwenye baridi yabisi ya viungo, asubuhi ya namna hiyo ni zawadi. Kwa kawaida mikono yangu huamka imekakamaa, na saa nzima hupita kabla sijaweza hata kufungua kifuniko cha dawa ya meno. Nikaona siku kama hiyo haipotezwi. Nikashusha mapazia nikayafua, nikadeki vyumba vyote, nikasugua choo, nikapanga kabati lililokuwa limenishinda tangu mwezi uliopita. Kufika saa kumi jioni nyumba ilikuwa inang'aa, nami naimba.

Jumapili nilihisi uchovu kidogo. Jumatatu sikuinuka. Jumanne binti yangu ndiye aliyenifunga vifungo vya gauni. Ilipofika Alhamisi vyombo vilikuwa vimejaa sinki, nguo chafu zimefurika kapu, na usafi wote wa Jumamosi hauonekani tena.

Nilirudia kosa hilo kwa miaka kadhaa kabla sijaelewa linavyonipata. Siku mbaya haina hatari kubwa, maana mwili wenyewe unakukatalia. Siku ya nafuu ndiyo inayotuangusha, kwa sababu tunataka kulipia humo siku zote tulizolala. Halafu mwili haudai papo hapo. Kwa wenye ugonjwa wa uchovu sugu, kwa mfano, hali huweza kuanza kuharibika saa 12 hadi 48 baada ya kazi, na mtu akalala siku kadhaa au hata wiki. Ndiyo maana wengi wetu hatuunganishi mambo. Tunalaumu hali ya hewa, tunalaumu usingizi, kumbe ni deki ya juzi.

Kwa hiyo ukichukua ushauri mmoja tu kwangu, chukua huu: kadiria kazi kabla hujaanza, ukiwa umekaa, kisha ukomee hapo hapo hata kama unajisikia vizuri. Hasa kama unajisikia vizuri. Mimi hutega simu dakika 10. Ikilia naacha, kisha nalala chali dakika 20. Nasema kulala, maana kukaa huku nakunja nguo nilikuwa nakuita kupumzika na mwili haukukubali. Wiki ya kwanza iliniuma roho kuona ufagio umeegemezwa ukutani na taka zimekusanywa katikati ya chumba hazijazolewa. Nikavumilia. Dakika zako zinaweza kuwa tano, au mbili. Utazijua kwa namna unavyoamka kesho na keshokutwa. Unavyojisikia pale unapomaliza hakukuambii kitu.

Sasa, ukiwa na nguvu za kazi moja tu, ufanye ipi? Mimi hujiuliza ni ipi nikiiacha itatuumiza. Taka zenye mabaki ya chakula, ubao uliokatiwa nyama mbichi, choo, na kitu chochote kilichoachwa njiani ambako mtu atapita usiku gizani. Baadhi yetu tunatumia dawa zinazoshusha kinga ya mwili, kwa hiyo jikoni na chooni si mahali pa kuahirisha ovyo. Vumbi juu ya kabati linasubiri. Madirisha yanasubiri. Kupasi shuka niliacha kabisa na sijajuta. Mwenye pumu atapanga tofauti: kwake kitanda kinatangulia, na shuka zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60 ili wale wadudu wadogo wa vumbi wafe.

Kazi nyingine iachie sabuni. Sufuria iliyoshika chini ikilowekwa usiku kucha, asubuhi inafutika kwa kitambaa. Dawa ya kuua vijidudu ukiipaka chooni inahitaji kubaki hapo dakika kadhaa, kama ilivyoandikwa kwenye chupa, ndipo ifanye kazi. Dakika hizo kaa chini. Ila tafadhali, uchovu usikushawishi kuchanganya dawa ukidhani mambo yataharakishwa. Dawa yenye klorini ikikutana na siki, na dawa ya choo yenye asidi, au na kitu chenye amonia, hutoa gesi yenye sumu inayounguza mapafu. Tumia moja, suuza vizuri, fungua dirisha.

Kuhusu kusimama sina maneno mengi: kaa. Niliweka stuli ndefu mbele ya sinki, nikaacha mlango wa kabati la chini wazi ili magoti yapate pa kuingia. Wapo watu ambao mapigo ya moyo hupanda kwa 30 au zaidi kwa dakika, ndani ya dakika 10 tu za kusimama. Kwa mtu kama huyo, kuosha vyombo wima ni mzigo ambao anayemtazama hauoni.

Lakini kilichokuwa kinanimaliza zaidi ya vyote ni kukamua tambara la deki. Ule msokoto, mkono huu unakwenda huku na huu kule, unabana kifundo pale pale panapowaka moto. Siku moja kliniki, mtaalamu aliyekuwa akinifundisha kutunza viungo aliniuliza nyumbani kazi gani inaniuma kuliko zote. Nikamwambia. Akachukua kitambaa, akakilowesha, akakipitisha nyuma ya shingo ya bomba, akaunganisha ncha mbili zikawa kama kamba moja, kisha akazisokota taratibu, viwiko vyake vikiwa karibu na mwili. Maji yakachuruzika. Vidole havikubana kwa nguvu hata kidogo. Nililia pale pale, maana nilikuwa nimeumia miaka sita kwa jambo linaloelekezwa kwa nusu dakika. Hakikisha tu bomba lako limekazwa imara. Akanifundisha pia kuacha kubeba ndoo kwa vidole: maji ya lita 10 ni kilo 10 kabla hujahesabu ndoo yenyewe. Sasa ndoo inajazwa nusu, nami naning'iniza mpini kwenye mkono, karibu na kiwiko. Safari zinakuwa mbili, lakini usiku nalala.

Nyumbani kwangu kugumu zaidi kulikuwa kuomba msaada. Nilizoea kuguna na kusema, "Hivi hamuoni nyumba ilivyo?" Hakuna aliyejua afanye nini, na mimi nikazidi kuumia moyo. Siku hizi nataja kazi yenyewe na saa yake: "Mwanangu, toa taka kabla hujaoga." Baba watoto ndiye aliyechelewa kuelewa. Aliniuliza, bila ubaya wowote, "Mbona juzi ulideki nyumba nzima?" Nikamwonyesha simu yake ya zamani. Unaichaji usiku kucha, inaandika 100, ukipiga simu mbili inazima. Nikamwambia, mimi ndivyo nilivyo. Hakujibu kitu, lakini tangu siku ile ndoo anajaza yeye.

Bado aibu ya wageni ilikuwa imebaki. Mwezi uliopita mama mkwe aliingia bila kupiga hodi mara ya pili, akanikuta nimelala mchana, vyombo vya asubuhi vimelowekwa, fagio liko ukumbini. Nikaanza kuinuka. Akaniwahi: "Lala, mwanangu. Hivi ni vyombo tu." Akaenda jikoni, nikamsikia amenyamaza kwa muda. Kisha akauliza stuli inafanya nini mbele ya sinki. Nikamweleza nikiwa pale pale kitandani. Akaikalia, akaviosha vyote, na tukaendelea kuzungumza kupitia mlangoni kama watu walioketi pamoja.

Wiki iliyofuata alinipigia simu. Na yeye ameweka stuli yake. Magoti yanamuuma huu ni mwaka wa tatu, na hakuwa amemwambia mtu.