Kioo kinachezacheza: tatizo ni fillScreen, si kioo

Ndugu wa Hombolo, usinunue kioo kingine. Kwa ulivyoeleza, yaani kioo kidogo cha kuonyeshea cha ST7735 kwenye ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta) inayosoma unyevu wa udongo kwenye shamba la zabibu, namba zikichezacheza muda wote, kosa lipo kwenye ile fillScreen (amri ya kupaka kioo kizima rangi moja) uliyoiweka ndani ya loop, sehemu ya programu inayojirudia bila kukoma. Kila mzunguko unapaka kioo kizima weusi ndipo unaandika upya, na jicho linaunasa ule weusi.

Ihamishie kwenye setup, sehemu inayoendeshwa bodi ikiwashwa tu, iitwe mara moja. Kisha maandishi yape na rangi ya nyuma: setTextColor(ST77XX_WHITE, ST77XX_BLACK). Herufi mpya itaifunika ya zamani yenyewe. Ila unyevu ukishuka kutoka 100 hadi 99, sifuri ya mwisho inabaki palepale na utasoma 990! Andika nafasi tupu baada ya namba. Na ujue hii inafanya kazi kwa fonti ya kawaida ya Adafruit GFX (maktaba ya kuchorea kwenye kioo) tu. Zile za kuongeza hazipaki nyuma.

Kwa grafu, chora kwanza kwenye GFXcanvas16 (turubai iliyo ndani ya RAM, yaani kumbukumbu ya bodi), halafu mwaga picha nzima kwenye kioo kwa amri ya drawRGBBitmap. Pikseli 128 × 160, kila moja baiti mbili, zinakula baiti 40,960. ESP32 inazimudu; Arduino Uno yenye KB 2 za RAM, sahau.

Halafu udongo haubadiliki kila sekunde, hata kwa jua letu la Dodoma. Chora pale tu namba inapobadilika.

Kama umeunganisha na pampu, na taa ya kioo inafifia pampu ikiwaka, hapo ni umeme: pampu ipe chanzo chake, waya wa ground (hasi) uwe wa pamoja.