Mji Wako Umeteuliwa? Usingoje Mwaka wa Sherehe

Juzi nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, nafungua simu nakuta ujumbe wa dada mmoja anayeishi Kiruna, kaskazini kabisa mwa Sweden. "Shikamoo dada. Nasikia wewe na wenzako mlishiriki Chemnitz. Na sisi mji wetu umeteuliwa kuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya 2029. Tuna kikundi chetu cha kina mama, tunaimba na kushona. Bado mapema, si ndiyo? Tuanze lini?"

Marahaba, mdogo wangu. Si mapema hata kidogo. Nilikujibu kwa maneno machache asubuhi ile kisha nikakosa usingizi, kwa sababu swali lako ndilo nililokuwa nalo mimi 2022, na kutolijua jibu lake kuliniumiza. Cheo hiki Umoja wa Ulaya huupa mji kwa mwaka mmoja wa sherehe za utamaduni, na Chemnitz, mji wetu huku mashariki mwa Ujerumani, ulikuwa nacho 2025. Naandika kirefu ili wengine wenye vikundi nao wasome: wa Liepāja ya Latvia na Évora ya Ureno ambao zamu yao ni 2027, wa Bourges ya Ufaransa 2028, na wote ambao miji yao inafikiria kuwania. Najua mnachotaka ndicho nilichotaka mimi. Mnataka kazi yenu ionekane, na mnataka ionekane kama kazi.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimekulia Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki enzi za Mzee Karume. Nilipokuja Chemnitz kusomea kuhudumia wazee nikapangiwa chumba mtaa wa Heckert, nilisimama chini ya jengo na begi langu nikacheka peke yangu. Ukuta ule ule wa vipande vya zege, ngazi zile zile, nguo zimeanikwa roshani kama kwetu. Nilijiona nimevuka bahari nikafika Michenzani yenye theluji. Basi huu mji nimeupenda tangu siku ile, hata pale uliponitisha.

Na ulinitisha. Agosti 2018 mtu mmoja aliuawa kwa kisu usiku wa sherehe za mji, na baada yake wenye chuki na wageni wakaingia barabarani siku baada ya siku. Dunia nzima ikalijua jina la Chemnitz kwa sababu hiyo tu. Wiki mbili nzima mwenzangu wa kazini, mama wa Kijerumani, alikuja kunichukua mlangoni kwa gari lake nisipande tramu peke yangu. Tarehe 3 Septemba watu wapatao 65,000 walifurika katikati ya mji kwenye muziki wa bure wa kupinga chuki ile. Mimi niliutazama kwenye simu, mlango nimeufunga kwa funguo mbili.

Wakati huo huo mji ulikuwa unatayarisha maombi ya kuwa Mji Mkuu wa Utamaduni. Ungeweza kulifukia jambo lile, kupeleka picha za makumbusho na bustani. Badala yake ukaliweka mezani: sisi ni mji uliobadilishwa jina ukaitwa Karl-Marx-Stadt mwaka 1953, tukarudishiwa jina letu 1990, viwanda vikafungwa, vijana wakahama, watu waliokuwa zaidi ya laki tatu miaka ya 1980 wakapungua wakawa karibu laki mbili na nusu, na sasa tuna ufa kati yetu. Kaulimbiu ikawa ni kuona yale yasiyoonekana. Miji minane ya Ujerumani iliomba nafasi ya 2025, mitano ikavuka mchujo wa kwanza, na tarehe 28 Oktoba 2020 likatangazwa jina la Chemnitz. Hannover na Nürnberg, yenye fedha na umaarufu kuliko sisi, zikabaki.

Hapo ndipo lilipo kosa langu. Nilisikia habari ile nikashangilia, nikarudi kazini. Nilidhani cheo hiki wakubwa hukaa Brussels wakachagua mji unaowapendeza, kisha mwaka ukifika milango inafunguliwa na sisi wenye vikundi tunaitwa. Hakuna kitu kama hicho.

Mpango huu ulianzia Athens 1985, kwa fikra ya Melina Mercouri aliyekuwa waziri wa utamaduni wa Ugiriki. Mwanzo ulizungukia miji ambayo tayari ni maarufu, Florence, Amsterdam, Paris, hadi Glasgow ilipopewa 1990. Mji wa kujenga meli uliochoka, watu hawana kazi, na ukautumia mwaka ule kujieleza upya. Tangu hapo swali limekuwa mji unataka kuwa nini kesho. Sasa ratiba ya nchi imeshapangwa hadi 2033. Zamu ya nchi ikikaribia, wizara yake inatangaza miaka sita kabla. Miji inapeleka andiko la maombi. Wanalisoma jopo la wataalamu kumi, watatu wameteuliwa na Bunge la Ulaya, watatu na Baraza la Umoja wa Ulaya, watatu na Tume yake na mmoja na Kamati ya Mikoa, na nchi yenyewe inaweza kuongeza wawili. Wanachuja, miji michache inayobaki inaandika upya kwa urefu zaidi, kisha unachaguliwa mmoja, yote hayo miaka minne kabla ya mwaka wenyewe.

Hebu tuhesabu pamoja, mdogo wangu. Chemnitz ilifungua sherehe 18 Januari 2025, baridi kali, umati mbele ya ile sanamu ya kichwa cha Karl Marx ya mita saba. Lakini uti wa mgongo wa programu ile ulikuwa karatasini tangu 2020: njia ya kazi za sanaa inayopita miji na vijiji 38 vinavyouzunguka mji, mradi wa mabanda ya magari, majengo ya viwanda yatakayofufuliwa. Wajumbe wa jopo wanakutana na mji mara tatu kuukagua kabla ya mwaka kuanza, na wanachokagua ni lile andiko. Ipo tuzo iliyopewa jina la Melina Mercouri, euro milioni 1.5, mji unaipata ukionekana umeshika ahadi zake. Fedha nyingine, tena ndiyo nyingi, zinatoka kwa mji, mkoa na serikali kuu, nao kila mmoja ana masharti yake. Kwa hiyo mtu anayeingia na wazo jipya mwaka wa mwisho anatafuta kiti kwenye basi lililokwisha ondoka stendi.

Mimi nilikwenda kwa waandaaji na wazo 2022. Kurasa kumi na nne! Tuliandika usiku, watu wanne, chai ya tangawizi na kamusi mezani. Tuliandika "utajiri wa utamaduni wa Afrika", tukaweka ngoma, mapishi, mavazi, hina, hadithi za watoto. Bajeti yetu ilikuwa na nauli na chakula, haikuwa na bima wala malipo ya mtu wa kushika mahesabu. Tulipokataliwa tuliulizwa jambo moja tu: kwa nini mradi huu ufanyike Chemnitz na si mji mwingine wowote, na utaacha nini ukimalizika? Nilisoma barua ile kwenye tramu nikapitiliza vituo vitatu. Nilikasirika. Baada ya mwezi nikaisoma tena, nikaona wana haki. Andiko lile ungefuta jina la Chemnitz ukaandika jina la mji wowote wa Ulaya, lisingebadilika chochote.

Lililoniumiza zaidi ni jingine, na bado halijaniisha. Kuna mtu tuliyemwamini, simtaji, wala hakuwa mtu wa ofisi yoyote ya mji huu. Tulimpa picha za kanga za marehemu mama yangu atusaidie kuandika vizuri Kijerumani. Miezi baadaye nikaziona ukutani kwenye maonyesho yake mwenyewe, mji mwingine kabisa. Kanga ya mama ya harusi, ile yenye doa la mafuta ya nazi pembeni, na hakuna jina la mama wala langu. Nilipomuuliza akaniambia utamaduni ni wa wote. Tangu siku hiyo sitoi picha wala wazo bila maandishi yaliyotiwa saini, hata kwa rafiki. Na wewe usitoe. Ukarimu wetu ni mzuri, lakini unapoingia kwenye mambo ya ruzuku ingia na karatasi.

Kanga zilezile ndizo zilizotuokoa. Kuna mzee namhudumia kazini, mke wake alikuwa mshonaji. Siku moja nimejifunga kanga begani akauliza maandishi yanasema nini. Nikamweleza: kanga ina pindo, ina mji pale katikati, na ina jina, yaani yale maneno. Akarudia taratibu, "Kwenu nguo ina mji, na mji una jina." Akanyamaza. Kisha akasema, "Sisi mji wetu walitubadilishia jina bila kutuuliza." Nilisimama na bakuli la supu mkononi.

Mtoto wake alinipeleka kwenye banda la mzee. Hapa wanayaita gereji, lakini usifikirie gereji za mafundi makenika kama za kwetu. Haya ni mabanda ya kuegesha gari, safu kwa safu, watu waliyajenga kwa mikono yao wenyewe zama za Ujerumani Mashariki, wikendi hadi wikendi, wakibadilishana saruji na mbao. Na si gari tu lililomo. Tulipofungua mlango ilitoka harufu ya petroli na matufaha. Pikipiki ndogo ya Simson chini ya shuka. Juu kwenye ubao mzee alipigilia vifuniko vya chupa za jamu, na kila chupa imening'inia kwa kifuniko chake, ndani mna skrubu, misumari, vifungo vya nguo vya marehemu mkewe. Kila chupa ina karatasi imeandikwa kwa penseli. Niliona pale maisha ya mtu yamepangwa.

Basi tukaliacha lile andiko la Afrika. Tukaandika kurasa tatu: tunawaomba wazee wa mabanda haya wautafutie mji wao jina la kanga. Chemnitz ilikuwa mji wa nguo, iliitwa Manchester ya Saxony kwa viwanda vyake, na kanga nazo zilichapwa Ulaya miaka mingi zikasafirishwa pwani yetu. Hoja ilikuwa hapa hapa, imetulia, tulikuwa tunairuka. Tukapata fungu dogo lililotengwa kwa miradi ya wananchi. Kwa kuwa mabanda yalikuwa tayari ndani ya programu ya mji, hatukuhitaji kumshawishi mtu kwamba yana maana.

Sitakuchosha na miezi ya fomu na mikutano. Tulichapa kanga thelathini kwa mkono, kwa fremu na wino, na majina yake kwa lugha mbili. Mama mmoja aliyefanya kazi kiwanda cha kufuma miaka ishirini na mbili alitoa hili: NILIFUMA VYA WENGINE, LEO NAVAA CHANGU. Naapa angeishi Ng'ambo ya kwetu Unguja lingeuzwa likaisha siku ya Idi. Mzee wangu alikaa wiki tatu bila kusema, kisha akatoa lake: TUPO BADO, HATUJAHAMA. Tulizitundika kwenye milango ya mabanda Juni 2025, jumapili moja, na watu walikuja na viti vyao vya kukunja na keki. Mwenzangu yule aliyenipeleka kazini kwa gari 2018 alijifunga moja kiunoni, akaifunga vibaya, nikamfundisha.

Sasa nisikilizeni, ninyi wenye vikundi. Acheni kuandika "Afrika". Hakuna mtu anayetoka Afrika nzima. Mtu anatoka Michenzani, anatoka Kisauni, anatoka Goma. Ukiandika Afrika nzima utaitwa siku ya chakula upige ngoma nusu saa, upewe chakula na asante. Someni andiko la mji wenu. Liko wazi kwa kila mtu, ni kurasa nyingi, lisomeni lote, hata kwa mwaka mzima. Tafuteni ndani yake kitu kimoja ambacho mnakijua kuliko aliyekiandika. Na mwulizeni jirani. Sisi tunaishi miaka kumi na jirani tunamsalimia ngazini tu, kisha tunalalamika hatujulikani. Na yeye kabatini kwake ana jambo linalomuuma kama letu, nasi hatujamuuliza.

Na tukome kungoja kualikwa. Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeliona kwa vikundi vitatu vizuri kuliko chetu, vilivyokaa vikisubiri barua hadi mwaka ukapita.

Sasa wewe wa Kiruna. Mji wenu unahamishwa kwa sababu ya mgodi wa chuma uliochimba chini yake. Agosti 2025 kanisa lenu la mbao la 1912 lilibebwa zima juu ya magari, kilomita tano, siku mbili, na nyinyi mlikuwa mnatazama barabarani. Umeniambia kwenye kikundi chenu yumo mama aliyehama Goma volkano ilipochoma nyumba yake. Mkae naye, na mmkaribishe mwanamke mmoja wa pale ambaye nyumba yake imebomolewa kupisha mgodi. Kaeni jikoni, msiandike kitu siku ya kwanza. Siku ya pili andikeni. Zisizidi kurasa tatu, mtu wa mahesabu awemo kwenye bajeti, na picha zenu zibaki kwenu mpaka saini zitiwe. Kisha nitumie nilisome kabla hujalipeleka. Wiki ijayo nina zamu za asubuhi, jioni zote nipo.