Gari linang'aa, lipigwe polishi?

SWALI: Gari langu la 2015 huoshwa kila wiki na hulala bandani. Kijana anayeliosha anasisitiza nilipige polishi. Kuna haja?

JIBU: Usikubali kabla ya kulikagua. Lioshe, likaushe, kisha ukiwa kivulini mulika boneti kwa tochi ya simu. Usipoona mikwaruzo ya mviringo, paka waksi tu. Polishi hula rangi: tabaka angavu la juu huwa na maikroni 40 hadi 50 hivi, nusu ya unene wa karatasi, na ndilo kinga dhidi ya jua. Likiisha, ni kupaka rangi upya.

Ukiiona mikwaruzo hiyo, jaribu kwanza kipande kidogo kwa polishi laini na sponji laini. Mkwaruzo unaonasa ukucha uache. Na kagueni kitambaa cha kuoshea. Mara nyingi mchanga ulionasa humo ndio unaokwaruza.