Bia chungu katika joto la Tanga: maswali yenu na majibu

IPA maradufu, ile bia kali na chungu yenye harufu nyingi, si bia ya kujifunzia. Nalisema mapema kwa sababu wengi walioniuliza safari hii ndiyo waliyoanza nayo, wakavutiwa na harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, wakasahau kwamba hii ni bia yenye kilevi cha asilimia 7.5 hadi 10, inayodai kimea kingi, hamira yenye afya na ubaridi ambao mji wetu hautoi bure. Hata asili yake ni ya watu waliokwisha kuujua upishi: Vinnie Cilurzo, anayetajwa kuwa wa kwanza kuipika kwa biashara, aliipika mwaka 1994 katika kiwanda kidogo cha Blind Pig huko Temecula, California. Haya, mmekwisha anza. Tutengeneze kilichoharibika.

Bia yangu inachoma koo kama spiriti, na asubuhi kichwa kinagonga. Ndoo niliiweka chini ya kitanda, siku ya pili povu likafurika mpaka sakafuni. Nilikosea hopsi? (Chumbageni)

Hopsi hazina kosa. Kosa ni joto, na povu la siku ya pili ndilo lililokuwa linakuambia. Hamira inapofanya kazi hutoa joto lake yenyewe, hivyo maji ya kimea ndani ya ndoo huweza kuwa na nyuzi kadhaa zaidi ya chumba. Chumba cha nyuzi 30 mwezi wa Februari kinakupa ndoo ya nyuzi 33 au 34, na hamira ya kawaida ya ale, jamii ya bia ambamo IPA imo, inataka 18 hadi 20. Ikifanya kazi kwenye joto hilo hutoa vileo vizito, vile vinavyochoma koo. Usijidanganye kwamba vitaisha ukiiweka miezi miwili. Haviishi.

Wengi watakuambia funika ndoo kwa kitambaa kibichi upulize feni. Dodoma ushauri huo ni dhahabu. Hapa hewa ina unyevu mwingi, maji hayakauki upesi kwenye kitambaa, na ubaridi wake ni mdogo. Kinachosaidia Tanga ni beseni kubwa: ndoo isimame ndani ya maji yanayofika nusu yake, utie chupa za plastiki zenye maji yaliyoganda, uzibadilishe asubuhi na usiku. Anza kabla hujatia hamira, usingoje ndoo ipate moto. Siku tatu za kwanza ndizo zinazoamua ladha. Baada ya hapo unaweza kulegeza, na kama utakavyoona katika jibu linalofuata, inafaa ulegeze.

Njia ya pili ni kubadili hamira. Kuna hamira za mashambani Norwei zinazoitwa kveik. Ile ya Voss hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 35 na zaidi bila kuchoma koo, na hutoa harufu inayoelekea chungwa. Kwa mji unaokula machungwa ya Muheza sioni cha kulalamikia. Mimi ningekuwa na pakiti moja tu ya kununua, ningenunua hiyo.

Ama subiri upepo wa kusi. Bia nzito ya kupikwa Juni au Julai ina nafuu ambayo ya kaskazi haiwezi kuipata.

Ilinukia vizuri kabisa nilipoionja. Nikatia hopsi kavu (zile za kutia kwenye ndoo bila kuchemsha), nikaweka kwenye chupa siku mbili baadaye, sasa inanukia siagi. (Raskazone)

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu jibu lake linawashangaza hata wazoefu.

Harufu ya siagi inatokana na dayasetili, kemikali ileile inayotoa harufu katika siagi na mtindi. Kila hamira huitoa kidogo, kisha huila tena yenyewe inapomaliza kazi. Ukiiondoa hamira mapema, au ukaipoza kabla haijasafisha, siagi inabaki. Lakini wewe unasema ilikuwa safi kabla ya hopsi. Basi hopsi zimeiamsha. Hopsi kavu zina vimeng'enya vinavyokatakata sukari nzito ambayo hamira ilikuwa imeshindwa kuila. Sukari ikishakuwa nyepesi, hamira inaanza kula upya na kutoa siagi upya. Wewe siku mbili baadaye ukaziba chupa.

Safari ijayo, baada ya kutia hopsi acha ndoo kwenye joto la chumba siku tatu hadi tano. Hapa joto letu ni msaada. Kisha jaribu hivi: chota bia kidogo katika vikombe viwili, kimoja kiache, kingine kifunike ukisimamishe kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika 20, ukipoze, unuse vyote. Kilichopashwa moto kikinukia siagi, kazi bado.

Na nina wasiwasi na hizo chupa. Hamira iliyoamka hutoa gesi pia. Ziweke kwenye friji leo, ndani ya mfuko au sanduku, na ukizifungua funika kwa taulo. Chupa ya kioo iliyozidiwa gesi haipasuki kwa adabu.

Ukiona siagi imekuja pamoja na uchachu, hapo ni bakteria. Mwaga.

Maji yangu ni ya kisima, Pongwe. Bia ina uchungu mkali unaobaki ulimini, si ule mtamu wa hopsi. (Pongwe)

Kiwanda cha saruji kipo Pongwe kwa sababu ya mawe ya chokaa, na mapango ya Amboni yametobolewa na maji katika mawe ya jamii hiyohiyo. Maji ya kisima yanayopita humo hubeba chokaa. Chokaa hupandisha ugumu wa maji na kuyazuia yasishuke kwenye uchachu mdogo ambao kimea kinauhitaji, kipimo cha pH 5.2 hadi 5.5, na uchungu wa hopsi unageuka wa kukwaruza. Changanya nusu ya kisima na nusu ya maji ya mvua au ya chupa, uanze hapo. Wapishi wa hopsi hupenda pia kuongeza jasi kidogo, wakifuata maji ya Burton upon Trent huko Uingereza yaliyozipa umaarufu bia chungu za zamani. Jasi ya chakula, jamani, si ile ya fundi dari.

Mimi natumia ya bomba, bia inanukia Dettol.

Klorini. Ikikutana na viambato vya kimea na hamira hutengeneza kemikali ambayo ni ndugu wa ile iliyomo ndani ya Dettol yenyewe, ndiyo maana pua yako haikukosea. Kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu ndoo nzima. Kidonge kimoja cha Campden, cha kuondoa klorini, kinatosha lita 75, hivyo kwa lita 10 kipande kidogo tu kilichosagwa, ukoroge, usubiri dakika chache. Na kama unasafisha ndoo kwa dawa ya klorini ya kufulia, acha. Usuuzaji wa mara moja hauiondoi.

Babu yangu ni mgema. Siwezi kutumia machicha ya tembo la mnazi badala ya hamira ya kununua? (Mwambani)

Mpe babu shikamoo yangu. Unaweza, na itachachuka kwa kasi, lakini haitakuwa IPA. Ndani ya tembo kuna hamira, ndiyo, ila pamoja nayo wamo bakteria wa uchachu na bakteria wa siki, na wewe umekulia huko, unajua tembo la asubuhi lilivyo tamu na la jana lilivyo. Hopsi huwazuia wale wa uchachu kwa kiasi kikubwa. Wa siki hawazijali kabisa, wanachohitaji ni hewa tu. Utapata kitu kichungu na kichachu kwa pamoja, na hivyo viwili hugombana mdomoni.

La muhimu zaidi: usitumie ndoo, mpira wala chujio lililogusa tembo. Plastiki yenye mikwaruzo haitakasiki. Nunua ndoo ya pili, uiandike.

Hamira ya mikate je?

Itatoa kilevi. Itatoa pia bia yenye ladha ya mkate mbichi na machicha yasiyotulia chini. Umetumia fedha zote hizo kwenye hopsi halafu ubane hapo?

Bia nzito na tamu mno, kama sharubati. Nifuate vipimo gani? (Mikanjuni)

Kwa lita 10: kimea cheupe kilo 3, sukari ya kawaida gramu 350. Ndiyo, sukari, huliwa yote na hamira, ikapandisha kilevi bila kuongeza uzito mdomoni. Vimea vya rangi ya karameli viache kabisa au tia kiganja kimoja. Haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyomo, isome karibu 1.075 mwanzo na 1.012 mwisho. Chemsha saa nzima sufuria ikiwa wazi, maana mfuniko hurudisha ndani ile harufu ya mahindi ya kuchemsha. Hopsi kali gramu 20 mwanzo wa kuchemsha, gramu 50 baada ya kuzima moto, gramu 80 kavu mwishoni. Hamira pakiti nzima ya gramu 11. Anayetia nusu pakiti kwa bia ya uzito huu ndiye anayekwama kwenye 1.030 na kuniandikia kuhusu sharubati.

Usiweke kwenye chupa mpaka haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo. Sukari ya kuleta gesi ndani ya chupa, gramu 6 kwa lita. Jaza chupa moja ya soda ya plastiki pamoja na za kioo: ikiwa ngumu huwezi kuibonyeza, zote ziingie friji.

Hopsi zangu zimefika kwa basi kutoka Dar, zinanuka soksi.

Zimeoza kwa joto na hewa. Usizitie. Agiza zilizofungwa bila hewa, zikifika ziende moja kwa moja kwenye friza.

Chupa zilikaa barazani mchana mmoja, sasa zinanuka kicheche.

Mwanga wa jua huvunja viambato vichungu vya hopsi na kutoa kemikali ya salfa. Kwa chupa nyeupe au ya kijani dakika chache zinatosha. Chupa za kahawia, kabatini.

Naweza kuwauzia majirani?

Bila leseni, hapana. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ipo. Ulizia ofisi ya biashara ya Jiji kabla hujafikiria bei.

Mume wangu anapika, mimi sinywi kilevi, lakini ile harufu ya hopsi naipenda. Kuna namna? (Ngamiani)

Ipo, dada, na ni rahisi kuliko yote niliyojibu hapo juu. Chemsha lita moja ya maji, yaache yashuke mpaka nyuzi 75 hivi, kamulia ndimu moja, kisha tia hopsi gramu 3 za aina yenye harufu ya matunda, Citra kwa mfano. Dakika 15, chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye friji. Ndimu itangulie hopsi, ndiyo inayozuia uchungu usizidi. Unapokunywa changanya nusu kwa nusu na soda maji iliyopoa sana. Imalize ndani ya siku mbili tatu, na mume akitaka kuonja, anywe kwenye glasi yake.