Usiking'oe, piga picha kwanza
Unauliza kama kimea cha maua meupe ulichokiona kwenye miamba ya chokaa huko kwenye milima ya Alps, Ulaya, ni Galium anisophyllon (mmea mdogo wa milimani), na kama unaweza kukihamishia bustanini. Kagua shina: liwe na pembe nne, na kila fundo litoe majani membamba, mara nyingi sita hadi tisa, yaliyotawanyika kama spoki za baiskeli. Ua ni dogo mno, petali nne. Ndugu zake wanafanana nacho kupita kiasi, kwa hiyo picha moja ya mbali haisaidii. Piga fundo kwa karibu. (Mbuni, yaani mti wa kahawa, nao ni wa familia hiyohiyo ya mimea, amini usiamini.) Kuking'oa, hapana. Kama sheria za eneo zinaruhusu, chukua mbegu chache zilizokomaa, uzipande kwenye changarawe isiyotuamisha maji.