Maswali na Majibu: Kukata na Kurefusha Bodi ya Kigari cha Plastiki

SWALI: Shikamoo fundi. Baba yangu ni dereva wa watalii hapa Arusha. Nimenunua seti ya kuunganisha ya Toyota Land Cruiser ya skeli ya 1:24, na nia yangu ni kuibadilisha ifanane na gari analoendesha yeye, yaani lililorefushwa nyuma na lenye paa la kunyanyuka. Nilikata paa kwa kisu nilichokipasha moto jikoni. Kingo zikajikunja na kuota vinundu, na ubavu wa kushoto ukaingia ndani. Nikajaza kwa fila (dawa ya kuzibia mabonde) niliyopewa na fundi bodi wa jirani, na baada ya siku mbili nikakuta plastiki imefanya makunyanzi chini yake. Je, bodi hii bado inaokoleka? (Msomaji, Sakina, Arusha)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bodi inaokoleka, ingawa paa lenyewe itabidi ulitengeneze upya. Umefanya kama fundi bodi anavyofanya kwenye bati, na plastiki haina tabia za bati.

Tuanze na makunyanzi. Kigari chako kimetengenezwa kwa plastiki iitwayo polistairini. Fila ya gereji ni ya poliesta, na ndani yake mna stairini, kile kimiminika ambacho plastiki hiyo hutengenezwa kwacho. Fila ikipakwa nene huleta stairini nyingi zaidi, na ikichanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha) kidogo mno hukaa mbichi kwa muda mrefu; kwa vyovyote stairini hulainisha plastiki iliyo chini yake. Kwa hiyo fila ya gereji inaweza kutumika, lakini kwa tabaka jembamba kama karatasi, hadina ikiwa ya kutosha, na tabaka la pili lisubiri la kwanza likauke kabisa. Iliyopo sasa ikwangue yote pamoja na plastiki iliyolainika, kisha uiache bodi kwa siku kadhaa kabla ya kuigusa tena kwa msasa. Usijaribu kuisafisha kwa tinna ya gereji, kwani tinna hiyo huyeyusha polistairini, na utabaki na uji mkononi.

Mimi mwenyewe kwa mianya midogo hutumia fila ya nyumbani. Nakatakata vipande vya fremu, ile iliyoshikilia vipuri vya seti, naviloweka katika chupa ndogo ya gundi ya vigari, ile nyepesi inayoyeyusha plastiki, na baada ya usiku mmoja napata ujiuji wa plastiki ileile ya bodi. Ukikauka unakwanguka sawasawa na bodi, jambo ambalo fila nyingine hazifanyi. Kasoro yake ni kwamba unasinyaa, kwa hiyo jaza hadi uvimbe kidogo, na usiupige msasa kabla ya siku tatu.

Sasa kurefusha. Baba akirudi kutoka porini, chukua tepu upime gari lake kutoka ukingo wa mlango wa nyuma hadi mwanzo wa tao la gurudumu, kisha upime sehemu hiyohiyo kwenye Land Cruiser ambayo haijarefushwa. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo nyongeza. Igawe kwa 24. Ikiwa nyongeza ni sentimita 72, kigari chako kitahitaji milimita 30, na chesi yake irefushwe kwa milimita 30 hizohizo pamoja na shafti. Nimewahi kuona kigari kilichorefushwa bodi tu: magurudumu ya nyuma yalikuwa yamesimama katikati ya mlango.

Kabla ya kushika wembe wa mpini, ule wenye makali upande mmoja, gundisha vipande vya fremu ndani ya bodi, kutoka ubavu hadi ubavu, kama mihimili ya kenchi, viwili mbele ya mahali pa kukata na viwili nyuma yake. Bila mihimili hiyo bodi iliyokatwa hulegea na kuingia ndani, kama ilivyokupata. Halafu zungushia bodi tepu ngumu ya kunata iwe kama rula, na ukate mahali palipo wima na pasipo mapambo, nyuma ya mlango na mbele ya tao. Usikate kwa makali ya wembe, bali ugeuze ncha na ukwaruze kwa mgongo wake. Makali huisukuma plastiki pembeni na kuacha matuta, ilhali mgongo huitoa kama unyuzi mwembamba unaojikunja, na ukiona unyuzi huo ujue mkono unakwenda vizuri. Pitisha mara ishirini kwa wepesi, wala usitumie nguvu kwa mara tano. Moto usiusogeze kabisa.

Vipande viwili ukishavipata, vilaze juu ya kioo bapa pamoja na chesi iliyokwisha kurefushwa, ili magurudumu yote manne yaguse kioo. Jaza pengo kwa bapa la plastiki, na kila kiungo ukiegemeze kwa ndani kwa kiraka kipana, kwa sababu kiungo kisicho na kiraka hufunguka siku ya kupiga msasa. Bapa za polistairini hazihitaji kuagizwa Japani. Tazama chini ya vifuniko na vikombe vya kutupa. Palipo na namba 6 ndani ya pembetatu, hiyo ndiyo plastiki yako, na gundi ya vigari itaishika kwa kuiyeyusha na kuiunganisha kama fundi wa kuchomelea. Chupa ya maji ya kunywa ina namba 1, na gundi hiyo haitaishika hata ukiisubiri mwaka mzima. Kasha la zamani la sidii pia ni polistairini, tena angavu, na vioo vya nyuma vya gari la watalii ni bapa, kwa hiyo vioo umeshavipata. Angalizo ni kwamba kasha hilo hupasuka ovyo; likwaruze sana kabla ya kulivunja.

Limebaki paa, ambapo wengi huharibu kazi iliyokuwa nzuri. Ukuta wa bodi yako una unene wa kama milimita moja, na kwa skeli ya 1:24 milimita hiyo ni sawa na bati la sentimita 2.4. Sijui gari la namna hiyo, labda la kubebea fedha za benki. Bodi ikiwa nzima unene huo haumsumbui mtu, lakini ukitoboa tundu la paa kingo zote hufichuka, na jicho hugundua hapohapo kwamba hiki ni kitu cha kuchezea. Dawa yake ni kuchukua tupa ndogo na kuulaza ukingo kwa upande wa ndani tu, mpaka sehemu inayoonekana ibaki nyembamba kama ukucha, huku uso wa nje ukiwa haujaguswa. Fanya hivyo pia kwa paa jipya linalonyanyuka. Miguu yake minne itengeneze kwa waya, na uikate yote pamoja kwa kipimo kimoja, la sivyo paa litainama upande kama kofia ya mlevi.

Malizia kwa msasa wa maji namba 400, kisha 600, kisha 1000, ukiwa umezungushiwa kijiti bapa cha aiskrimu ili vidole visichimbe mabonde.

SWALI: Boneti ya kigari changu imepinda baada ya kukaa dirishani juani. Rafiki ananishauri niipitishie kiberiti. Nifanyeje? (Msomaji, Pasua, Moshi)

JIBU: Kiberiti kiache jikoni. Polistairini hulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, na hapa kwetu mwinuko unatusaidia: maji ya Moshi huchemka kwenye nyuzi kama 97, na ya Arusha, iliyo juu zaidi, kwenye nyuzi kama 95. Maana yake maji yaliyochemka yataifanya boneti ikubali kupinda bila kuyeyuka, bahati ambayo mtu wa Tanga hana kwa kiwango hichohicho. Ifunge boneti kwa uzi juu ya kitu chenye umbo lake sahihi, itumbukize kwa kijiko katika maji yaliyoepuliwa sasa hivi, hesabu hadi thelathini, kisha itie katika maji baridi ikiwa bado imefungwa. Ikibaki na mpindo kidogo, rudia. Vioo usivifanyie hivyo.

SWALI: Shikamoo mzee. Kijana wangu wa miaka kumi na miwili anashinda chumbani akipiga msasa na kugundisha. Je, kuna madhara? (Mama, Kiboriloni)

JIBU: Marahaba, mama. Vumbi lake lisivutwe, na ndiyo maana msasa wa maji ni bora kuliko mkavu, kwani vumbi hubaki ndani ya maji. Gundi, tinna na rangi ya kupuliza vitumike barazani au penye madirisha mawili yaliyo wazi, na kamwe visitumike chumba kimoja na jiko la mkaa, kwa kuwa mvuke wake hushika moto. Akitumia supaglu na kuinyunyizia soda ya kuokea ili igande upesi, mwonye kwamba mchanganyiko huo hupata joto la ghafla, asiushike kwa vidole. Mvuke wa supaglu pia huacha ukungu mweupe kwenye vioo vya kigari, kwa hiyo vioo avipachike mwisho kabisa, kwa gundi nyeupe ya mbao.