Mto Msimbazi, na hizo kingo mnazozivunja kila masika

Msomaji wa Nkuhungu, hapa Dodoma, amenitumia kipande cha habari ya mafuriko ya Dar es Salaam na swali: "Mwalimu, lipi sahihi, Mto Msimbazi au Mto wa Msimbazi? Mbona tunasema Mkoa wa Dodoma na Bahari ya Hindi?"

Ni Mto Msimbazi. Mto, mlima na ziwa hukaa na majina yao bila kitu katikati: Mto Wami, Mlima Kilimanjaro, Ziwa Manyara. Mkoa hudai "wa", bahari hudai "ya", daraja hudai "la". Ndiyo maana juu ya Mto Wami kuna Daraja la Wami na hakuna anayelalamika. Usihangaike kutafuta kanuni moja ya kuyafunga yote hayo. Ni mazoea, na mazoea yakishakomaa tunayaita sarufi.

Ila hiyo "wa" hainikoseshi usingizi. Kilichonipandisha presha ni sentensi yenyewe: "Mto wa Msimbazi umevunja kingo zake."

Msimbazi ni mto mfupi. Huanzia vilima vya Pugu, hupita Vingunguti na Kigogo, ukatandaa Jangwani, kisha ukaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Mvua kubwa ikinyesha, Jangwani panakuwa ziwa, Barabara ya Morogoro inafungwa na mabasi ya mwendokasi yanakwama. Sasa niambie, hapo kimevunjika nini? Maji yakipungua, kingo unazikuta pale pale, zimepakwa tope na kuvishwa mifuko ya plastiki. Maji yamepita juu yake, basi. Kwa jambo hilo tuna umejaa, tuna umefurika, tuna hata umetapika. Furika ni mtoto wa fura, yaani kuvimba, na hakuna picha inayomfaa Msimbazi wa mwezi wa nne kuliko hiyo. Lakini mwandishi wetu amekopa usemi wa Kiingereza, "burst its banks", mzima mzima, akauvisha viambishi, akaupeleka hewani. Na hiyo "zake"! Alihofu tutadhani Msimbazi umekwenda kuvunja kingo za Rufiji?

Ukingo una vitenzi vyake: humegeka, hulika, humomonyoka, huporomoka. Sisi wa kanda ya kati tunavijua kwa ajili ya Mto Kinyasungwe. Kiangazi ni mchanga mtupu, watu wanachimba humo wapate ndoo ya maji. Kifuku kikija, maji yanateremka kwa kishindo hadi Gulwe, yanakula ukingo, yanasomba na tuta la Reli ya Kati. Maji hayo hayo Kilosa yanaitwa Mkondoa, mbele huko yanaitwa Wami, mpaka yanamwagika baharini upande wa Saadani. Pale Gulwe ukingo huondoka kweli, na bado fundi wa reli hatakwambia mto umevunja kingo zake. Atakwambia tuta limesombwa, akuonyeshe na reli zinavyoning'inia bila udongo chini.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiteleza ukaandika "Mto wa Msimbazi", mhariri atakufutia hiyo "wa" na chai itanyweka kama kawaida. Hizo kingo zilizovunjika usiniletee tena, hata kama umezisikia kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku.